Malisho ya Juu

Ifahamike mapema kwamba Waziri hakuwa waziri. Cheo hicho alikipatia bwenini, baada ya mwalimu mkuu kufungua ofisi yake asubuhi na kukuta ile mifupa ya maabara imekaa kwenye kiti chake, imevaa tai na miwani, na mapajani imewekewa kibao: "Nimekuja kuulizia nafasi ya kidato cha kwanza. Naambiwa subiri." Alipoulizwa nani ameidhinisha upuuzi ule, mtuhumiwa alisimama mguu sawa na kujibu kwamba ni ofisi ya waziri. Akapewa kufyeka majani nyuma ya vyoo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Malengelenge yalipona, jina likabaki.

Lakini hata mtu wa aina hiyo alikuwa na jambo asilolifanyia mzaha. Muhula huohuo mwalimu wa biolojia alitoa insha: faida za wanyama wenye uti wa mgongo kwa binadamu. Wenzake waliandika nyama, maziwa, mayai, ngozi ya viatu, mbolea, na mmoja aliyekuwa na njaa aliandika nyama mara mbili. Waziri aliandika kuhusu farasi wa baba yake.

Tuseme ukweli, farasi hawakuwa wa baba yake. Walikuwa wa kituo kinachotengeneza dawa ya kuumwa na nyoka, na baba alikuwa mtunzaji wao. Lakini Waziri alikulia nyuma ya ukuta wa kituo kile, na kazi yote aliijua. Aliandika jinsi nyoka anavyokamuliwa sumu kwenye glasi; jinsi tone la sumu hiyo, lililozimuliwa sana, linavyodungwa farasi; jinsi mwili wa farasi unavyolitazama tone lile, unaudhika, kisha unatengeneza kingamwili za kulikabili. Kila baada ya muda dozi inaongezwa, hadi farasi anapokea sumu ya kutosha kuangusha zizi zima, naye anaendelea kutafuna majani. Hapo ndipo anapotolewa damu shingoni. Chembe nyekundu zinatuama chini ya chupa, na maji ya njano yanayobaki juu ndiyo mwanzo wa dawa. "Reptilia akimuuma mamalia," aliandika kwa majivuno, "mamalia wa tatu ndiye anayelipa." Mwalimu alizungushia wino sentensi hiyo na kusahihisha kwamba huyo mamalia ni wa pili. Waziri akaona hiyo ni husuda.

Aya ya mwisho ndiyo iliyosomwa mbele ya darasa. Ilieleza kwamba farasi wa kituo akizeeka huvuliwa mkanda wake wa kazi, akapelekwa malisho ya juu, nyuma ya kituo, na huko hula majani mabichi bila kudungwa na mtu yeyote mpaka siku zake ziishe. Hata waliokuwa wanasinzia walifungua jicho moja. Mtu aliyelelewa kwa kengele na foleni hufurahi kusikia kwamba mahali fulani kuna kiumbe kimeruhusiwa kupumzika.

Basi likizo ilipofika, alirudi nyumbani na kumkuta bibi amekaa mlangoni, sinia la maharage mapajani, anachambua.

"Mume wangu, unanuka farasi," bibi alimpokea. "Hata begi hujaweka ndani."

"Nimepitia kwa mke mwenzio kwanza."

Mke mwenza alikuwa Bi Mkubwa, farasi jike wa rangi ya kahawia, mkongwe kuliko wote pale zizini, mwenye midomo mirefu na tabia ya kukagua mifuko ya watu.

"Yule ana bahati," bibi alisema. "Kila siku anasuguliwa mgongo kwa brashi. Mimi nikisema mgongo unaniwasha, baba yako ananiambia nijisugue kwenye mlango."

"Bahati yake ndiyo inaanza, bibi. Baba kaniambia anastaafu. Wanampeleka malisho ya juu."

Vidole vya bibi vilisimama juu ya maharage. "Juu wapi?"

"Kule nyuma ya kituo. Kilimani."

"Kule kuna tangi la maji na mnara wa simu," bibi alisema. "Nimeokota kuni kule tangu baba yako hajaota meno. Majani ya kumshibisha sungura hakuna." Akamtazama mjukuu wake usoni, akaona kitu kinaporomoka pale, naye akarudisha macho kwenye sinia. "Labda wamepanda siku hizi. Mimi macho yangu nayo."

Bibi alikuwa mwongo hodari mambo yakiwa madogo. Uongo huu ulimshinda.

Baba alikuwa uani, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, anashona mkanda wa ngozi kwa sindano nene. Mikanda ya shingoni ilikuwa kazi yake, na pale kituoni mkanda ndio uliokuwa unasema. Mkanda mwekundu: farasi huyu amekomaa, anapewa dozi kubwa, damu yake ni dawa. Mkanda wa buluu: huyu mgeni, mpeni tone tu. Majina ya farasi hayakuwa yanaandikwa popote. Daktari wa kituo aliwajua kwa mikanda, na majina yalikuwa mambo ya baba na mwanawe.

"Baba, malisho ya juu yako wapi?"

Sindano iliingia upande mmoja, ikatoka upande wa pili. "Umeongea na bibi yako."

"Nimeongea naye."

"Ulikuwa mdogo," baba alisema. "Yule farasi mweupe alipoondoka ulikataa kula. Ulikuwa unalala na brashi yake. Ningekuambia nini?"

"Anakwenda wapi?"

"Haendi popote." Baba aliuweka mkanda chini. "Damu ya farasi mzee imekolea, hakuna damu inayoifikia. Lakini mwili umechoka, hauwezi tena kutolewa na kurudisha. Kwa hiyo wanamtoa yote. Mara moja. Wanamdunga usingizi, halafu wanamtoa yote."

"Na wewe unamshika."

"Mimi naomba ruhusa siku hiyo. Wananielewa."

Hapo Waziri alizikumbuka siku za ruhusa za baba. Siku baba alipomtengenezea kishada kwa mifuko ya nailoni. Siku walipokwenda kuvua kambale bwawani na kurudi wamelowa, wanacheka, bibi anawafokea. Alikuwa amezihifadhi kama siku bora za utoto wake, na kumbe kila moja ilikuwa na farasi nyuma yake.

"Nipishe, mwanangu," baba alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amemzuia. "Huyo bibi yako unayetaniana naye, unajua mguu wake wa kushoto kwa nini hauna kidole kidogo? Aliumwa huko huko kwenye kuni. Aliletwa amevimba mpaka kiunoni, hasemi. Dawa iliyomrudisha ilitoka kwa yule mweupe wako. Sasa niambie mimi nimlilie nani."

"Bi Mkubwa ni lini?"

"Kesho wanaanza naye. Damu yenyewe ni wiki ijayo. Mimi kesho sipo, na siku hiyo pia, nimeshaomba. Atakuwepo Kaimu."

Kaimu alikuwa kibarua aliyeshika nafasi ya kila mtu aliyeumwa, aliyefiwa au aliyesafiri. Alishawahi kukaimu hadi mlinzi wa geti, akamzuia Daktari kuingia.

Usiku ule Waziri hakuwaza kama mwana wa mtunza farasi. Aliwaza kama mwandishi wa insha bora ya darasa, na hilo ndilo lililoharibu kila kitu. "Wanaanza naye" kwake ilikuwa na maana moja tu: watachukua kichupa cha damu wakaipime nguvu. Ikiwa na nguvu, wiki ijayo wanamtoa yote. Ikiwa dhaifu, hakuna sababu ya kumtoa. Farasi mzee mwenye damu isiyofaa si mali ya mtu, na baba angeweza kuomba apewe, akafungwa uani karibu na banda la kuku. Kilichohitajika kilikuwa kichupa kimoja cha damu dhaifu. Na zizini kulikuwa na damu dhaifu ya kutosha ndani ya jike changa, la kahawia vilevile, lililoletwa majuzi na kuvishwa mkanda wa buluu. Waziri mwenyewe ndiye aliyelipa jina: Kidato, kwa kuwa farasi huyo ndiyo kwanza alikuwa anaanza shule. Kichupa kimoja kisingemdhuru. Angepepesa masikio tu.

Alfajiri, wakati wa kuwanywesha farasi maji, alikwenda zizini kama alivyokwenda kila likizo. Mlinzi alimpungia mkono. Alimvua Bi Mkubwa mkanda mwekundu, naye Bi Mkubwa akachukua nafasi hiyo kumpekua mfuko wa shati. Alimvua Kidato wa buluu. Akabadilisha, akabana vishikizo, akaingiza ncha za mikanda kwa ndani mara mbili ili zisining'inie, akabadilisha na vyumba vyao pia, kwa sababu ofisi ya waziri haifanyi kazi nusu. Kisha akarudi nyumbani kunywa uji, anachekea tumboni.

Alikuwa kwenye kikombe cha pili Kaimu alipotokea uani anahema.

"Baba yako yuko wapi?"

"Yuko juu ya paa, anaziba pale panapovuja. Kuna nini?"

"Mwite. Yule mkongwe anaanguka."

Waziri hakumwita. Alikimbia.

Kidato alikuwa amesimama katikati ya ua wa kituo, miguu imetanuka kama meza. Jasho lilimtoka hadi likachuruzika kwenye kwato. Mkanda mwekundu ulikuwa shingoni mwake, na chini yake palikuwa na uvimbe mahali sindano ilipoingia. Juu ya kiti cha mbao palikuwa na bomba kubwa la sindano, tupu. Waziri alilitazama lile bomba, akaelewa kwamba halikuja tupu. Hawakuja kuchukua. Walikuja kutia. Kabla ya kumtoa farasi damu yake ya mwisho, wanampa kwanza dozi kubwa kuliko zote, wanasubiri wiki, damu ikolee kabisa. Hayo hayakuwamo kwenye insha.

Kwa Bi Mkubwa dozi ile ingekuwa homa ya siku mbili. Kidato alipiga goti la mbele, akajaribu kusimama, akapiga la pili.

"Haiwezekani," Daktari alikuwa anasema. Alikuwa mwanamke mrefu, makini, aliyezungumza na farasi kwa "samahani" kila alipowadunga. "Huyu amezoea. Amepokea hii miaka yote."

"Daktari," Kaimu alisema, ameshafika tena, mikono kichwani, "dawa si ipo humo ndani? Friji limejaa."

"Ipo."

"Basi tumpe."

Daktari alitazama mlango wa chumba cha friji, na wote wakautazama. "Kumwokoa farasi mmoja kwa dozi ile nahitaji kumaliza rafu nzima," alisema. "Ile ni ya watu, Kaimu. Kuna hospitali zimeagiza."

Waziri alifungua mdomo. Ulimi, ule ulimi uliowahi kumjibu mwalimu mkuu bila kutetemeka, ulikuwa umelala kama kipande cha mti. Kidato alilala ubavu. Alichukua muda. Hakupiga kelele, farasi hawana kelele ya maumivu, wana pumzi tu, na pumzi ile ilikuwa nzito, ikapungua, ikawa inakuja kwa kuvutwa, ikaacha.

Baba alifika, vumbi jeupe la paa bado limemganda magotini. Alimtazama farasi aliyelala na mara moja akajua si Bi Mkubwa. Alichuchumaa, akashika kishikizo cha mkanda. Akaiona ile ncha iliyoingizwa kwa ndani mara mbili. Hakuna mtu mwingine pale kituoni aliyefunga mikanda namna ile. Baba alifunga hivyo, na alimfundisha mtu mmoja tu.

Hakugeuka kumtazama mwanawe. Alisema, "Ni mimi, Daktari. Jana niliwavua niwasafishie mikanda, nikawarudishia vibaya. Nilikuwa na haraka ya ruhusa."

"Wewe?"

"Mimi."

Kaimu, ambaye tangu farasi aanguke alikuwa amejiona ameshamwaga unga, alishusha mikono kichwani na kuanza kufuta macho.

Chakula cha mchana hakikulika nyumbani. Bibi aliuliza, akaacha kuuliza, na kuacha kwake kulikuwa kubaya zaidi. Baba, aliyekwisha kuambiwa asipite geti mpaka uamuzi utolewe, alirudi paani na kugonga misumari mpaka jua likashuka. Waziri alisimama chini ya ngazi.

"Baba, nitakwenda kumwambia."

"Nipe ule msumari mrefu."

Alimpa.

"Usiende," baba alisema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

Alikwenda kesho yake. Daktari alimkaribisha kiti, akamwacha aseme yote: kichupa, damu dhaifu, uani karibu na kuku. Aliposema, maneno yale yalisikika ya kitoto hata masikioni mwake mwenyewe, kama kijibarua kilichookotwa chini ya dawati.

"Najua," Daktari alisema. "Baba yako amefunga mikanda hapa tangu mimi sijaajiriwa. Hakuwahi kukosea hata mmoja."

"Basi mrudishe kazini."

"Nikiandika kwamba ni wewe, nitaulizwa mtoto aliingiaje zizini. Nani alimzoesha? Nani alimfundisha mikanda? Jibu ni huyohuyo baba yako." Alivua miwani, akaisugua kwa pindo la koti. "Ukweli wako naupokea. Hauna mahali pa kuwekwa, lakini naupokea."

Waziri aliinuka. Hakuwa amewahi kupewa adhabu nyepesi kiasi kile, wala isiyobebeka kiasi kile.

"Na Bi Mkubwa?" aliuliza akiwa mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutaja jina lile mbele ya Daktari, ikabidi aeleze. "Yule mkongwe."

"Alipata dozi yake jana jioni. Anaendelea vizuri." Daktari alijibu kwa furaha ya kikazi, kisha akasikia alichokisema, akainamia karatasi zake.

Kwa hiyo hakuna kilichobadilika ila kwamba farasi mmoja zaidi alikuwa amekufa, na baba alikuwa nje ya geti, anasubiri uamuzi. Hapo ndipo shida nyingine ilipozaliwa, ambayo hata mjanja wa bweni hakuiona ikija. Tangu ile dozi, Bi Mkubwa alikataa mikono ya wageni. Kaimu akimsogelea na kamba, anaweka masikio nyuma na kumbana ukutani. Siku ya kutolewa damu, wiki iliyofuata, alimng'ata bega, akamrarua na shati.

Daktari alikuja mwenyewe nyumbani. Alisimama nje ya mlango, hakutaka kiti.

"Sindano ya usingizi lazima iingie mshipani," alimwambia baba. "Akiruka itampasua, tutarudia na kurudia. Sitaki afe hivyo. Wewe siruhusiwi kukuingiza." Hakumtazama Waziri, alitazama viatu vyake. "Kuna mtu mwingine anayemsikia?"

Bibi alisema, "Mwacheni mtoto."

"Si mtoto," baba alisema polepole. Alikuwa ameketi kwenye ndoo ileile, mikono mitupu, haina cha kushona. "Anamsikia huyu. Akiongea naye anatulia." Kisha, kwa mwanawe: "Sikulazimishi. Mimi sikuwahi kuweza."

Waziri alivaa viatu.

Ua ulikuwa umemwagiwa maji. Chupa zilipangwa mezani, safi, midomo imefunikwa. Bi Mkubwa alimwona kutoka mbali, akatoa sauti ile ya puani, akaja mwenyewe bila kuvutwa na kuingiza midomo mfukoni mwake. Waziri alimshika kamba ya kichwani karibu na kidevu. Kaimu, bega limefungwa bendeji, alikaa mbali.

"Ongea naye," Daktari alinong'ona.

Mtu aliyekuwa na hotuba kwa kila tukio alianza na lililokuwa karibu. Akamwambia kwamba muhula ujao wanabadilishiwa bweni. Kwamba vitanda vya kule vinalia, kwamba kiranja wa kule anakoroma na anadai ni mbu. Sindano iliingia. Ngozi ya shingo ilitetemeka kidogo kama inayofukuza nzi, ikatulia. Akamweleza juu ya foleni ya maji, juu ya kijana anayeficha sabuni ndani ya soksi, juu ya kengele iliyopasuka inayolia kama sufuria. Kidevu cha Bi Mkubwa kikamlemea begani, kizito, halafu kizito zaidi. Mpira mwembamba wa kutolea damu ukawekwa shingoni. Ukawa mwekundu.

Magoti ya farasi yakaanza kulegea, wakamsaidia kushuka, na Waziri akashuka naye, akapiga magoti kwenye maji, bado anaongea. Alimsimulia mtihani wa hesabu. Alimtajia majina ya wavulana wote wa chumba chake, mmoja mmoja, na kosa la kila mmoja. Chupa zilizojaa ziliondolewa, zikaletwa nyingine. Daktari alikuwa anasema samahani, samahani, kwa sauti ya chini.

"Inatosha, kijana," Kaimu alimwambia mwishowe. "Hasikii tena."

Waziri aliiona chupa ya mwisho. Ilikuwa bado inajaa. Akaendelea kuongea.